Nimeitwa usaili wa afisa kodi hapa Kigoma, nijiandaeje?

Mtoto_wa_Kibirizi

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote humu shikamooni.

Niingie kwenye mada. Nimemaliza shahada ya uhasibu TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), kampasi ya hapahapa Kigoma, na tangu hapo niko na mjomba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, Mwanga. Vitabu vyake naandika mimi, ritani (taarifa za kodi za kila mwezi) za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, napeleka mimi, mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki) ikigoma naitwa mimi hata kama niko msibani. Juzi nimepigiwa simu na ofisi moja ya ushauri wa kodi na ukaguzi wa hesabu (jina naliacha) kwamba nimepita mchujo wa nafasi ya afisa kodi msaidizi. Usaili ni Alhamisi ijayo. Kuna karatasi ya kuandika asubuhi, halafu watakaofaulu wanaingia kwa paneli siku hiyohiyo. Nilipomuuliza dada wa simu karatasi itahusu nini, alicheka akasema, "Itahusu kodi, kaka."

Wateja wa ofisi ile nawajua kwa sura: wenye maduka ya jumla, wasafirishaji wa mizigo ya Kongo na Burundi, wenye hoteli, na shule za binafsi kadhaa.

Sasa nisaidieni. Nisome nini kwa siku zilizobaki? Kuna Sheria ya Kodi ya Mapato, ya VAT, ya Usimamizi wa Kodi, na juu yake Sheria ya Fedha inayobadilisha mambo kila mwaka. Nikisema nikariri vifungu nitaingia pale nikiwa sina hata usingizi. Pili, Kiingereza naandika vizuri ila nikiongea mbele ya watu wazito nakwama. Tatu, samahani kama ni swali la kitoto: huu uzoefu wa duka la mjomba niutaje, au ninyamaze tu nitaje chuo?

Nawasilisha.

Chumvi_ya_Uvinza

Wakikuuliza kwa nini unataka kazi ya kodi usiwaambie unataka kujenga taifa. Waambie unataka kula. Hilo paneli nzima italiamini.

Utani pembeni, hongera sana mdogo wangu. Subiri Bi Mahesabu apite, mada hizi ni zake.

Kijana_wa_Ng'ambo

Salamu kutoka Tabora. Mimi nilipita njia ya serikalini, kwa hiyo chukua yanayokufaa. Mwaka 2025 TRA (Mamlaka ya Mapato) walipotangaza zile nafasi 1,596 nami niliomba, sikupata, baadaye nikaangukia halmashauri upande wa mapato, na ndiko niliko.

Kwa wenzangu mtakaosoma uzi huu mkiwa mmeitwa na Sekretarieti ya Ajira: balaa kubwa haliko kwenye maswali, liko kwenye vyeti. Beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, mpaka cha chuo, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo za muda na zile karatasi za matokeo walizotoa shuleni hawazipokei. Na majina! Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Ramadhani na kitambulisho kinasema Ramadhan, bila ile herufi ya mwisho, au umeongeza jina la babu ulipofika chuo, nenda kwa wakili mapema ukatengeneze hati ya kiapo ya majina na uisajili. Nimeona dada wa watu anarudishwa mlangoni akiwa kasoma kuliko sisi wote tuliokuwa kwenye foleni.

La pili ni la huku kwetu lakini hata Kigoma linaulizwa. Usichanganye kodi za TRA na ushuru wa halmashauri. Tumbaku ikitoka Urambo au Kaliua, mnunuzi anadaiwa ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na unaingia halmashauri. Ule ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo nao ni wetu. Wasomi wengi wanasema "kodi ni TRA" wakidhani wamemaliza. Mteja wa ofisi yako atagongewa na wote wawili mwezi mmoja, na atakuja kwako akiwa na hasira moja tu.

Kila la heri.

Bi_Mahesabu

Marahaba mwanangu, na hongera.

Kazi hii niko nayo tangu ritani tunajaza kwa peni na kupanga foleni dirishani. Nimekaa kwenye paneli za kuajiri vijana, Tabora kwanza, na sasa huku Kigoma. Nitaandika kirefu, wewe soma kwa kituo.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu umeliuliza kwa aibu na ndilo lenye mali. Duka la mjomba ndilo litakalokupa kazi. Utakuwa umekaa na wenzako wenye GPA kubwa kuliko yako, kila mmoja atasema ana uelewa mpana wa sheria za kodi. Nikiwauliza ritani ya VAT inapelekwa lini watajibu wote kwa pamoja kama wako darasani: tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sawa. Sasa namwambia mmoja: mteja amekuletea risiti za mwezi mzima ndani ya boksi la biskuti, nyingine zimefifia maandishi, leo ni tarehe 17, unaanzia wapi? Hapo ndipo wengi huanza kuangalia dari.

Wewe boksi hilo unalo nyumbani. Unajua karatasi ya mashine ya EFD ikikaa kwenye joto la Kigoma maandishi yanaharibika, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuzitoa kopi zinazosomeka kabla hazijafa. Unajua kwamba risiti ya manunuzi isiyo na TIN (namba ya mlipakodi) na namba ya VAT ya mjomba haikusaidii kudai kodi ya manunuzi, yaani ile VAT aliyolipa akinunua, hata kama ni ya saruji ya lori zima. Unajua kuna risiti ya friji la nyumbani kwa shangazi imejichanganya humo, na inatakiwa itoke. Unajua kwamba risiti iliyosahaulika kwenye droo haikai milele, ina miezi sita, baada ya hapo haki ya kuidai imekwenda. Yaseme hayo kwa mpangilio huo huo. Paneli itaacha kuandika na kukutazama.

Ila sikiliza. Ukieleza habari za mjomba, usitaje mauzo yake. Usiseme "mjomba anauza milioni kadhaa kwa mwezi". Sema "biashara niliyoihudumia". Mtu anayemwaga siri za nduguye kwenye usaili, kesho atamwaga za mteja wetu kwenye daladala ya Ujiji. Nimewahi kumkatia kijana alama kwa hilo peke yake, na hesabu alikuwa amezipata zote.

Kuhusu kusoma. Vifungu usikariri, sheria utakuwa nayo mezani kila siku. Tafuta kile kijitabu cha viwango cha TRA kinachotolewa kila mwaka wa fedha, ukisome mpaka ukijue ukurasa kwa ukurasa, halafu chukua Sheria ya Fedha ya mwaka huu ujue imebadilisha nini kuanzia tarehe 1 Julai. Swali la "nini kimebadilika" haliwezi kukosa. Na ukilijibu usiishie kwenye namba. Kwa mfano kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT kilikuwa milioni 100 kwa mwaka, kikapanda kuwa milioni 200 kuanzia Julai 2023. Hiyo kila mtu anayo. Swali langu mimi huwa ni hili: mwenye duka aliyesajiliwa zamani, mauzo yake milioni 150, je, anaamka asubuhi ya Julai na kuacha kutoza VAT? Hapana. Bado amesajiliwa, anaendelea kutoza na kupeleka ritani mpaka aombe kufutiwa usajili na Kamishna akubali. Ukinijibu hivyo najua umewahi kufikiria mtu halisi.

Karatasi ya kuandika itakuwa ya hesabu, na hesabu zenyewe si ngumu, zina mitego. Mtego wa kwanza unajirudia kila mwaka: bidhaa imeuzwa 1,180,000 VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, kodi ni kiasi gani? Wenye haraka wanazidisha kwa asilimia 18 wanapata 212,400. Jibu ni 180,000, maana unazidisha 18 unagawanya kwa 118. Karatasi ikisema "pamoja na VAT", piga mstari chini ya maneno hayo kabla hujagusa kikokotoo.

Mwingine ni wa pingamizi, na ofisi ya ushauri lazima iuulize kwa sababu ndiyo kazi inayoleta mkate. Mteja amepewa na TRA makadirio ya kodi ya shilingi milioni 45. Yeye anakubali anadaiwa milioni 10 tu. Afanye nini? Siku 30 tangu apewe uamuzi, pingamizi liwe limefika kwa maandishi lenye sababu. Na kabla halijapokelewa lazima alipe amana: ile kodi asiyoibishia au theluthi ya makadirio, kubwa kati ya hizo. Theluthi ya 45 ni 15, inaizidi 10, kwa hiyo analipa milioni 15. Angekuwa anakubali milioni 20, angelipa 20. Akiwa hana uwezo anaweza kumwomba Kamishna Mkuu ampunguzie au amsamehe amana, kwa sababu za msingi na ndani ya muda. Pingamizi likikataliwa kuna Bodi ya Rufani za Kodi, halafu Baraza la Rufani za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani. Ngazi hizo zijue kwa mfuatano. Lakini kubwa ni zile siku 30. Wateja wa huku wana tabia ya kuweka barua chini ya mto wakisubiri iishe makali, anakuja ofisini siku ya 29 jioni. Ukiwaambia paneli kwamba swali lako la kwanza kwa mteja lingekuwa "barua hii uliipokea lini?", umemaliza nusu ya kazi.

Halafu kuna maswali ya Kigoma. Ofisi yenye wateja wa Kongo haiwezi kukuacha bila kukuuliza tofauti ya bidhaa iliyosamehewa VAT na ile ya kiwango cha sifuri. Kwa macho zinafanana, mnunuzi halipi VAT kote kuwili. Ila anayeuza migebuka mibichi (samaki wa ziwani) sokoni anauza kitu kilichosamehewa: hatozi VAT, na VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake imekula kwake. Anayeuza saruji ya kiwanda cha hapa nchini kwenda Kalemie anauza nje, kiwango ni sifuri: hatozi, lakini kodi ya manunuzi anaidai, anarejeshewa, mradi ana nyaraka za forodha zinazoonyesha mzigo ulitoka kweli. Mzigo ukipakiwa boti usiku bila karatasi, kwa macho ya kodi umeuzwa hapahapa na asilimia 18 inadaiwa. Jifunze kuyasema haya kama unamweleza mzee mwenye boti, bila neno hata moja la darasani. Akikuelewa yeye, paneli itakuelewa.

Kiingereza. Jitambulishe kwa Kiingereza ulichokwisha kukifanyia mazoezi, jibu ukiwa umetulia. Wakikuletea kisa cha mteja, waombe ruhusa ueleze kama utakavyomweleza mteja mwenyewe, kwa Kiswahili. Sijawahi kuona paneli ya huku ikikataa.

Mwisho wa yote watakuletea swali la uaminifu. Litakuja kwa sura ya mteja mkubwa anayekwambia, "Kijana, mauzo andika nusu, mimi na bosi wako tunaelewana." Usihubiri, na usiseme utampigia TRA simu palepale, maana sisi ni washauri wake na ana haki ya kushauriwa kwanza. Sema utamweleza adhabu na riba inavyomea juu ya kodi iliyofichwa, kwamba kumbukumbu za EFD TRA wanaziona wenyewe kwenye mfumo, kwamba hutaandaa ritani unayojua ni ya uongo, na kwamba jioni hiyohiyo bosi wako atalijua jambo hili kutoka kwako, kwa maandishi. Kisha nyamaza. Kuna mmoja kwenye paneli atakuchokoza, "Na bosi akisema andika?" Jibu ni lilelile, huandiki. Pengine utakosa kazi. Ofisi ya kukukosesha kazi kwa jibu hilo ingekufikisha pabaya zaidi baadaye, jina lako ndilo linalobaki kwenye ritani.

Nakuachia zoezi. Mteja amepanga fremu Mwanga kwa laki tatu kwa mwezi, analipa miezi sita kwa mpigo. Mwenye nyumba anasema: "Mimi nataka milioni moja na laki nane yangu mkononi, mambo ya kodi ya zuio utajua mwenyewe." Kodi ya zuio ni ile mpangaji anayokata kwenye pango na kuipeleka TRA. Mteja analipa TRA kiasi gani?

Chumvi_ya_Uvinza

Hii hata mimi mchimba chumvi naiweza. Asilimia 10 ya 1,800,000 ni 180,000. Niajirini.

Mtoto_wa_Kibirizi

Bi Mahesabu asante sana mama, nimeichapisha yote nimebandika juu ya meza ya duka. Mjomba amesoma ile sehemu ya friji akanuna kidogo.

Zoezi lako nadhani si 180,000. Ingekuwa hivyo kama mwenye nyumba anakubali kukatwa, yeye angebaki na 1,620,000. Lakini huyu anataka 1,800,000 iwe ndiyo inayobaki baada ya kukatwa. Kwa hiyo 1,800,000 ni asilimia 90 ya kodi ya pango. Nikigawanya kwa 0.9 napata pango la 2,000,000, zuio la asilimia 10 ni 200,000. Mteja analipa mwenye nyumba 1,800,000 na TRA 200,000. Chumvi hajapatia, samahani kaka.

Bi_Mahesabu

Umepata. Ongeza mambo mawili tu. Kodi hiyo ipelekwe ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha, na mwenye nyumba apewe hati yake ya kodi ya zuio hata kama anasema haitaki, kwa sababu ni kodi iliyolipwa kwa jina lake. Na ukiwa na nafasi mwambie mteja kwamba fremu yake kwa kweli ni 333,333 kwa mwezi, si laki tatu kama anavyowaambia watu. Wafanyabiashara hupenda sana kuambiwa hivyo, wanakasirika halafu wanakuheshimu.

Karani_wa_Gati

Bi Mahesabu heshima yako, lakini hapo kwenye mzigo wa Kongo ongezea kijana kitu kimoja, asipokijua kitamponza.

Mimi ni wa uwakala wa forodha, hapa bandarini Kigoma. Mambo mawili yanafanana kwa mtu aliyesimama ukingoni akitazama boti, na sheria inayatenganisha kabisa. Saruji aliyoitaja Bi, ya kiwanda cha Tanzania, mfanyabiashara wa Kigoma anamuuzia Mkongo: hayo ni mauzo ya nje, ndiyo yenye habari ya kiwango cha sifuri na marejesho. Lakini kontena la vigae lililoshuka Dar es Salaam kutoka China, likaja kwa reli ya kati au kwa lori kwenda Uvira au Bujumbura, hilo ni la transiti. Halijauzwa Tanzania, halijaingizwa kwenye soko la Tanzania. Linapita chini ya dhamana ya forodha, na dhamana hiyo ameweka mtu. Kodi haijalipwa, imening'inia tu mpaka mzigo uthibitishwe kuvuka. Ukimwagwa njiani, tuseme ukauzwa Kasulu, anayefuatwa ni aliyeweka dhamana, na ushuru wote unaamka.

Kwa hiyo wakikupa kisa, swali la kwanza: huu mzigo ni wa nani na umezaliwa wapi? Msailiwa akianza kusema "marejesho ya VAT" kwenye mzigo wa transiti, mwenye kujua forodha kwenye paneli anaacha kusikiliza.

Na utulize kichwa kuhusu Jumuiya. Burundi tuko nao siku nyingi, Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hiyo haina maana kwamba mizigo inapita bila karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ndiyo tunayoifanyia kazi kila siku, na bidhaa kupata nafuu ya Jumuiya lazima iwe na cheti cha uasili, kinachoonyesha ilitengenezwa wapi. Vigae vya China havigeuki kuwa vya Afrika Mashariki kwa kupitia Dar.

Kuhusu Kiswahili nakupinga kidogo mama. Kama paneli ina mgeni aliyetumwa na makao makuu, kijana aombe ruhusa kwa adabu sana, au aende na Kiingereza chake hichohicho cha kukwamakwama. Kukwama si kosa.

Bi_Mahesabu

Karani nakubali vyote viwili, na la transiti umelieleza vizuri kuliko ningelieleza mimi. Kuhusu mgeni wa makao makuu, sawa. Asome sura za watu kwanza.

Mtoto_wa_Kibirizi

Nimeelewa wakubwa. La mwisho kabisa, nimeambiwa na rafiki aliyepita kwenye usaili kwingine kwamba wanapenda kuuliza unataka mshahara kiasi gani. Nisemeje? Nimefikiria laki nane lakini sitaki kuonekana nina tamaa, na sitaki kujiuza bei ya dagaa.

Chumvi_ya_Uvinza

Sema milioni tatu wakupunguzie.

Bi_Mahesabu

Usimsikilize huyo.

Mwanangu, swali hilo kwa mhasibu wa duka ni la mshahara, kwa afisa kodi ni mtihani mwingine. Ukisema "laki nane" ukanyamaza, nitakuuliza: ghafi au mkononi? Ukibabaika hapo nimekujua. Kwa hiyo nenda na hesabu yako kichwani.

Laki nane ghafi. Mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, elfu 80, unatoka kwanza kabla ya PAYE, ile kodi ya mshahara. Wanaosahau hilo wanakokotoa kodi kwenye laki nane nzima wanapata 78,000, na kwenye karatasi ya usaili wanakosa alama zote za swali. Inabaki 720,000 ndiyo inayotozwa. Iko kwenye daraja la 520,000 hadi 760,000: elfu 20 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kinachozidi ni laki mbili, asilimia 20 yake ni elfu 40. Kodi ni elfu 60. Mkononi unapata 660,000.

Upande wa mwajiri nao uujue, maana yeye anafikiria gharama yake. Anaongeza NSSF ya kwake elfu 80, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kama ofisi ina wafanyakazi kumi au zaidi kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, juu ya mishahara yote. Kiwango chake kilikuwa asilimia 4 kikashuka 3.5 Julai 2023, soma cha mwaka huu kwenye kijitabu. Kwa hiyo wewe wa laki nane ukikaa kwenye kiti chake unamgharimu karibu laki tisa. Ukimwonyesha kwamba unalijua hilo, mazungumzo ya mshahara yanakuwa ya watu wazima wawili.

Jibu lenyewe: "Natarajia kati ya laki saba na nusu na laki tisa ghafi, kulingana na majukumu." Ghafi, ulitamke hilo neno. Wakikupa chini ya hapo uliza muda wa matazamio ni miezi mingapi na kama mshahara unaangaliwa upya ukiisha.

Ila kuna kitu hukukitaja. Ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo?

Mtoto_wa_Kibirizi

Ndiyo mama. Ninadaiwa.

Bi_Mahesabu

Basi toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tukichukulia laki nane yote ndiyo ya msingi, ni laki moja na elfu 20, na inakatwa baada ya kodi, haipunguzi PAYE. Mkononi ni 540,000. Panga maisha kwa hiyo, usipange kwa laki nane, na kama una nia ya kuhama nyumbani kwa mjomba angalia kwanza bei ya vyumba Mwanga na Katubuka.

Alhamisi vaa shati la mikono mirefu, koti libebe mkononi mpaka mlangoni, joto la asubuhi hapa unalijua. Chukua kikokotoo cha kawaida, simu watakunyang'anya kwenye chumba cha karatasi. Ukishatoka usije kuandika maswali yao humu ndani, niandikie pembeni tu kama umepita.

Chumvi_ya_Uvinza

Na mimi niandikieni pembeni, nina fremu nimepanga Uvinza na mwenye nyumba anadai yake mkononi.